Gunia la Athieno Liko Kwangu

Jumatano. Mvua ilianza alfajiri, sasa imekatika, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mwili umechoka. Moyo haujachoka.

Nasema ndani ya simu na simu inaandika. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, na sioni haya kulitaja hilo. Mjukuu wangu Halima ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, akanionyesha pa kubonyeza, akarudi Tororo kwenye kazi yake. Mkikuta neno limekaa vibaya, ilaumuni simu. Mimi nimelisema vizuri.

Juu ya mlango wangu kuna msumari ambao marehemu mume wangu alikuwa anatundikia koti. Leo limetundikwa gunia. Limekunjwa vizuri, limefungwa kwa ukanda wa kitenge cha bluu, na linanuka mukene nyumba nzima. Jirani yangu wa ukuta amekuja asubuhi kuniuliza kama nimehamishia biashara nyumbani. Nikamwambia ndiyo, akitaka kununua hewa aje na mfuko wake.

Gunia si langu. Ni la Athieno. Na kwa namna lilivyofika hapa, nitaishi nalo mpaka soko letu liezekwe.

Mimi nauza mukene hapa Busia, upande wa Uganda. Ni wale dagaa wadogo ambao wenzetu wa ng'ambo, upande wa Kenya, wanawaita omena. Nimewauza tangu mama yake Halima hajaolewa. Wanawake wa soko la samaki wakavu walinichagua niwe chemani, yaani mwenyekiti wao, kwa sababu, walisema, nina mdomo. Ni kweli ninao, na Mungu hakunipa kwa ajili ya kula tu.

Mwaka huu mradi ukaja. Paa la mabati, sakafu ya saruji, mtaro wa kutoa maji. Manispaa inasimamia, wafadhili wanatoa, kontrakta anajenga, na katikati yao yuko ofisa wa mradi, kijana mmoja wa Buteba anaitwa Wandera. Mpole, ana miwani, ana viatu visivyopenda matope yetu. Sisi tuliombwa jambo moja tu: tuhame tupishe ujenzi, tukauzie kwenye uwanja ulio nyuma ya maghala, turudi kazi ikikamilika.

Kuhama tu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuuza samaki.

Kwetu sokoni mahali pa kukaa hapana karatasi. Gunia lako ndilo linalosema wewe ni nani. Unalitandika asubuhi, unamwaga samaki juu yake, na mteja wa Nagongera au mke wa askari kutoka Rubongi anajua akija atakukuta hapo hapo. Ukifiwa, ukiugua, ukijifungua, unalikunja gunia, unalifunga fundo lako mwenyewe, unampa jirani wa ubavuni. Yeye analiweka chini ya lake. Mpaka urudi, pale hapakai mtu. Hata kuku akisimama pale anafukuzwa.

Na jirani akikubali gunia halafu akamkaribisha mwingine mahali pako, huyo amekwisha. Hakuna atakayemwazima mizani. Hakuna atakayemwangalizia samaki akienda chooni. Nimeshaona mwanamke akikimbilia kuuza mihogo kwa sababu ya jambo hilo.

Mimi nilipokaa eda ya mume wangu, Athieno ndiye aliyenishikia gunia. Eda nzima. Walimbembeleza, wakamtisha, akawaambia, "Zaituni hajafa, amefiwa." Nilirudi nikakuta mahali pangu pamefagiwa.

Athieno ni Mjapadhola wa kule Nagongera, upande wa Tororo, mimi ni Mwislamu wa hapa mjini, damu yangu nusu ya Kisamia na nusu sijui ya wapi. Hatusali pamoja, hatuli kila kitu pamoja. Lakini tumekaa ubavu kwa ubavu mpaka wateja wengine wanadhani sisi ni wake wenza. Anapofika sokoni wanawake wa upande wa Tororo wanamtazama kwanza yeye ndipo watandike. Akinuna, safu nzima inanuna.

Shida ilianza wiki iliyopita, na ilianza na rangi nyekundu.

Fundi wa mradi alipita asubuhi na kopo na brashi, akapiga eksi kwenye kila nguzo ya vibanda vyetu. Sasa mtu yeyote aliyekaa kando ya barabara hii ya mpaka anajua eksi nyekundu inasema nini. Barabara ilipopanuliwa, maduka yalipigwa eksi, na baada ya eksi likaja tingatinga. Wale wenye maduka tunawaona mpaka leo wakitembeza bidhaa mikononi. Eksi haina kurudi.

Wanawake hawakupiga kelele. Kelele ningeziweza. Walikaa. Kila mmoja juu ya gunia lake, mikono mapajani, kimya, na samaki wakapigwa jua upande mmoja bila kugeuzwa. Kontrakta akaambiwa watu wameota mizizi. Akasema soko lisipokuwa tupu Jumatatu, mashine zake zinakwenda Tororo kwenye kazi nyingine, kwetu atarudi akipata nafasi.

Nafasi ya kontrakta naijua. Ni kama mvua ya kiangazi, unaisikia ikinyesha kwa majirani.

Na mvua kubwa ziko karibu. Msimu uliopita tulimwaga mukene waliooza kwa mabeseni, na Nabwire, ambaye bado ana mtoto mgongoni, alilia huku amesimama anamwaga. Basi mambo yalikuwa hayo. Ama wanawake wahame kwa moyo wao kabla ya Jumatatu, ama tuoze msimu mwingine.

Ijumaa nilijifunga leso nikaenda ofisini kwa Wandera. Hakuniweka nje, nampa heshima yake kwa hilo. Alinipa kiti, akaniita Jaja, yaani bibi.

"Kijana wangu, ile eksi ni ya nini?"

"Jaja, ni alama ya kipimo tu. Nguzo ikishapimwa inawekwa alama."

"Hukupata alama nyingine duniani?"

Akacheka kidogo. Akaona mimi sicheki, akaacha.

"Lakini nimewaambia, Jaja. Nimetuma kwenye kundi la WhatsApp. Nimebandika tangazo getini. Nimeita mikutano, wanakuja watu wachache."

"Mikutano unaita saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Saa nane tunapima samaki. Saa nane hata mama yangu akifufuka nitamwambia asubiri foleni."

Nikamwambia hivi. Anayetaka wanawake wa samaki wamsikie, aje asubuhi kabla gari la Majanji halijaleta mzigo kutoka ziwani. Wakati ule tumeshafika, tumeshakunywa chai, mikono haina kazi na masikio yako wazi. Gari likishafika, hata kiyama kitangazwe hatutasikia. Tena asije na viti na kipaza sauti, tutadhani amekuja kuomba kura.

Akaniuliza awaambie nini. Hapo nilimpenda, kwa sababu aliuliza kweli, na macho yalikuwa kwangu, simu ameifunika.

Nikamwambia kila mtu ana swali lake moja tumboni, na usipolijibu hilo, mengine yote unapigia maji kofi. Muuza samaki anauliza, nitarudi mahali pangu? Mwenye boda anauliza, steji yangu inahamia wapi? Kontrakta anauliza, wanatoka lini? Wakubwa wako wanauliza, nani atapiga kelele? Wewe umekuwa unawajibu wote swali moja, la saruji. Umewaambia saruji ni nzuri. Nani amebisha kuhusu saruji?

Alivua miwani akaipangusa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Jaja, na mimi kila mtu anataka kusikia ndiyo kutoka kwangu. Ofisi inataka ndiyo. Wafadhili wanataka ndiyo. Kontrakta anataka ndiyo. Nikisema sijui wananiona kama sikusoma."

"Mimi sikusoma kweli, na kila siku nasema sijui. Haijaniua."

Hilo si la kujisifu. Nilijifunza kwenye sufuria. Zamani nilikuwa napika kwenye harusi, pilau ya watu wengi. Nyama ikikataa kuiva, mpishi mwoga anajificha jikoni, anatuma mtoto nje akaseme "bado kidogo". Bado kidogo, bado kidogo, mpaka wageni wanaanza kumtukana bwana harusi. Mimi nilikuwa natoka nje mwenyewe, mwiko mkononi, moshi machoni, nasema: ng'ombe huyu alikuwa mzee kuliko mnavyodhani, kaeni, kula ni baada ya swala. Wanaguna. Halafu wanacheka. Halafu wanakaa. Mtu akijua ana njaa mpaka lini, njaa inapungua nusu.

Sasa nije kwenye yangu, maana hii ni shajara na si hotuba.

Wandera alinifungulia ramani anionyeshe kila mtu atakaa wapi. Mimi ramani siisomi lakini geti nalijua, na kona ya geti naijua. Alipogusa kona ile kwa kidole nilimwona ameweka mstari mrefu.

"Hapa ni nini?"

"Mtaro. Wahandisi walipima tena, maji yote ya soko yanateremkia hapa. Tukijenga kibanda hapa, mvua ya kwanza inakizamisha. Iliamuliwa juzi tu."

Na alisema kweli, mimi mwenyewe kila msimu naona maji yakisimama pale.

Lakini kona ile nilikuwa nimeshampa Athieno.

Mguu wake wa kushoto haukunji vizuri tangu alipoanguka na mzigo. Safu zetu zimebanana, akikaa siku nzima mguu unavimba kama andazi. Mradi ulipoanza kusemwa, wakati bado ni maneno, nilimwambia, "Kona ya geti ni yako, utanyoosha mguu mpaka ng'ambo." Alicheka. Akaenda akawaambia wa safu yake. Akawaambia hata kwao Nagongera. Mradi huu Athieno aliuunga mkono kwa sababu ya kona ile, na wa upande wa Tororo waliuunga mkono kwa sababu ya Athieno.

Nilitoa kitu ambacho hakikuwa changu. Nilimpa kwa mapenzi, lakini mapenzi hayamiliki kona.

Wandera alielewa kabla sijamaliza kueleza. Akasema taratibu, "Jaja, tumwambie akishahama. Akijua leo, Jumatatu hatoki mtu."

Sitasema uongo. Nilinyamaza, na ndani ya ule unyamavu nilikuwa nakubali. Nilijiona kabisa nikimwambia baadaye, paa likiwa limeshapanda, vumbi limetulia, nikisema ramani ilibadilika mwishoni, sisi wadogo tungefanya nini. Maneno yalikuwa yameshajipanga.

Halafu nikakumbuka mahali pangu palivyofagiwa.

"Atajua kwanza," nikamwambia Wandera. "Akikataa, tutakaa wote. Lakini hatahama akiwa amefumbwa macho."

Usiku wa Ijumaa sikula vizuri. Jumamosi baada ya alasiri nikaenda kwa Athieno. Amepanga chumba kule nyuma ya mashine za kusaga. Nilimkuta anapepeta mukene kutoa mchanga, mguu ameuweka juu ya jerikani. Aliponiona akasogeza kigoda bila kuuliza. Ule ukarimu ulinichoma.

Sikuanza na habari za nyumbani. Habari mbaya ukiitangulizia salamu ndefu unamchosha mtu mara mbili.

"Athieno, kona haipo. Pale pamekuwa mtaro."

Ungo ukasimama.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Na siku uliponiahidi, ulikuwa umemuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

Akanitazama. Athieno ana macho ya kupima, anakadiria samaki bila mizani. Nilikaa nikapimwa.

"Nimewaambia watu, Zaituni. Nimemwambia mpaka shemeji yangu, yule anayenicheka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kabla hujahama."

Akaendelea kupepeta. Mchanga unaanguka, samaki wanaruka na kurudi kwenye ungo. Nilingoja anitukane. Athieno akikutukana umeshasamehewa. Hakunitukana.

"Asante, Chemani," akasema. "Ukitoka rudishia mlango, mbuzi za watu zinaingia."

Chemani. Miaka yote hii ananiita Zaituni, hata mbele ya wakubwa.

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mlevi, boda zinanipigia honi. Nilijua nimefanya sawa. Kufanya sawa hakukunisaidia kula.

Jumatatu.

Tulifika kabla ya jua. Wandera alikuwa ameshafika kabla yetu, amevaa gambuti, hana kiti, hana kipaza sauti. Nikaona viganja vyake ni vyekundu. Jumapili nzima yeye na yule fundi walikuwa wanasugua eksi kwa mafuta ya taa. Hazikutoka vizuri, zilibaki kama madoa ya kutu. Lakini wanawake waliangalia nguzo, wakaangalia viganja, na nikaona mabega yameshuka kidogo.

Getini tingatinga la kontrakta lilikuwa limeshawashwa, linanguruma. Dereva anatafuna muwa, anatungoja.

Wandera akasema, "Mama zangu, eksi ile ilikuwa kosa langu. Sikufikiria mtakavyoiona." Halafu akaanza na baya, kama tulivyopanga. "Mvua ya kwanza itawakuta nje, kwenye uwanja. Tutawapa maturubai, lakini mtalowa."

Nabwire akampandisha mtoto mgongoni, akauliza.

"Na mvua ya pili?"

"Ya pili pia, nadhani."

"Unadhani au unajua?"

Wandera akanitazama mimi. Mimi nikatazama pembeni. Hiyo ilikuwa yake.

"Nadhani. Kujua, sijui."

Mama Brayo, anayevuka kutoka ng'ambo kila siku na mdomo wake umevuka kabla yake, akapiga makofi. "Aki leo huyu ameongea. Mpeni maji, ukweli unakausha koo."

Watu wakacheka. Kicheko cha kwanza tangu siku ya rangi. Wakauliza maswali, kweli kweli sasa, ya mizani, ya choo, ya wapi gari la Majanji litashusha mzigo. Mengine alijibu. Mengine alisema atauliza, na atakuja kusema amejibiwa nini, Alhamisi asubuhi, saa hii hii, hata kama hajajibiwa kitu.

Halafu akasimama Amoding, Mteso, mkubwa wetu wote, ambaye sauti yake lazima uinamie uisikie. Nililijua swali lake kabla hajafungua mdomo. Ijumaa nilimwambia Wandera kuna swali moja litakuja na mimi sitamjibia.

"Mtu akiondoka, jirani anamshikia gunia," Amoding akasema. "Sasa jirani naye anaondoka. Sote tunaondoka. Nani anashika?"

Hilo ndilo lilikuwa limewaotesha mizizi. Eksi iliwaamsha tu. Ramani haishiki gunia, na barua ya manispaa haishiki gunia.

Wandera alinyoosha mikono yake miwili, ile yenye rangi.

"Leteni kwangu."

"Unajua unachoomba, mtoto?"

"Mama yangu anauza mihogo soko la Buteba. Najua. Nikimpa mtu mwingine mahali pako, mama yangu asipate wa kumwazima mizani."

Hakuna aliyecheka sasa. Kijana ameweka mama yake hapo mbele yetu. Mimi sikumfundisha hilo. Alikuja nalo kutoka kwao.

Amoding akainama akakunja lake. Akalifunga kwa kamba ya katani, fundo la Kiteso ambalo hata panya hafungui, akamwekea mikononi. Kisha Nabwire. Kisha Mama Brayo, aliyesema ukilipoteza nitakufuata mpaka Nairobi, na Wandera akamwambia yeye Nairobi hajafika. Nikaweka na langu. Lundo likapanda mpaka kidevuni, likanuka, na yule kijana akasimama imara, macho yanamtoka machozi kwa harufu.

Safu ya upande wa Tororo ilikuwa imekunja lakini haijatoa. Wamesimama na magunia kifuani, wanatazama mahali pamoja.

Athieno alikuwa bado amekaa.

Amekaa juu ya gunia lake, mguu ameunyoosha mbele, anatazama tingatinga. Dereva akatupa muwa. Akavuta gia akaachia, kutukumbusha. Mimi sikusema kitu, na mnaonijua mnajua hiyo ni kazi kubwa. Nilikuwa nimeshamwambia la kumwambia. Kumsukuma sasa ingekuwa kumnyang'anya mara ya pili.

Akaanza kuinuka. Mguu ukakataa. Nikaenda nikampa mkono, akautazama, akashika nguzo. Akainuka mwenyewe. Akakunja gunia polepole, pembe kwa pembe, kama anakunja nguo ya mtoto. Akachana ukanda kutoka kitenge chake cha bluu, akalifunga. Akapita mbele ya Wandera aliyenyoosha mikono, hakumtazama. Akaja akaniwekea mimi kifuani.

"Sio huyu mtoto," akasema, na alisema kwa sauti. "Huyu wakimhamisha wilaya nyingine nitamfuata wapi? Wewe kwako napajua."

Halafu kwa sauti ya chini, yangu peke yangu:

"Na usiniahidi kitu tena, Chemani. Niambie tu."

Safu yote ikaanza kutoa magunia. Gari la Majanji lilipofika lilitukuta tumeshahama.

Ndivyo lilivyofika kwenye msumari wangu. Yale mengine yako kwenye stoo ya ofisi, na nasikia bosi wa Wandera amefungua madirisha yote na kuuliza ni nani amekufa humo ndani. Vizuri. Ofisi ikinuka mukene haitatusahau.

Leo mvua ya kwanza imetukuta nje, kama tulivyoambiwa. Turubai moja lilipasuka, maji yakamwagikia mabeseni, tukakimbizana kama vifaranga. Nilingoja lawama. Nabwire akanipita ameloa mpaka kope, akaniita bibi kwa Kisamia, "Kukhu, mvua yako imefika." Basi. Mvua ile ile, msimu uliopita ilimliza. Leo ilimkuta akiwa ameshafunika mzigo wake tangu jana usiku, kwa sababu alijua.

Nimeenda kwa Wandera baada ya adhuhuri kuuliza kama panaweza kupatikana mahali pa kunyoosha mguu, karibu na nguzo ya pili au popote. Amesema hajui, atawauliza wahandisi. Zamani ningetoka pale mbio nikamwambie Athieno amepata. Leo nimekwenda uwanjani nikakaa kwenye beseni lililopinduliwa karibu naye, nikamwambia nimeuliza, na hawajui.

"Haya," akasema.

Akasogeza mwamvuli ukanifika bega moja.

Alhamisi asubuhi Wandera atakuja, na huenda hana jibu hata moja. Nimemwambia aje hivyo hivyo. Siku usiyokuja kwa sababu huna habari, watu wanakutengenezea yao, na yao ina eksi nyekundu kila mahali.

Mimi nitamtangulia. Nitaamka, nitasali, nitapita kwa Athieno kabla gari halijafika, nimwambie hakuna jipya na gunia lako halijaguswa na panya. Ataniita Chemani. Sawa, na aniite. Keshokutwa nitaenda tena.

Siku atakayoniita Zaituni nitajua amerudi mahali pake, hata kama mabati bado yako chini.